Niliuza Neno Likiwa na Watu Ndani

Nianze na lile baya kabisa, usije ukanihurumia njiani halafu ukajuta. Niliuza kitu ambacho hakikuwa changu peke yangu, kisha nikamsingizia mwenzangu kwamba yeye ndiye aliyekipoteza. Naye akaniamini. Amekufa akiniamini.

Sina pa kulisemea hili. Mke wangu ni mdogo wa huyo marehemu. Mchungaji wetu anakula kwetu. Rafiki zangu wa hapa Soweto, Mbeya, hawana kifua hata kimoja. Kwa hiyo nakuambia wewe usiyenijua, na majina nitakayoyataja siyo yao ya kweli.

Mimi nina duka la steshenari. Natoa kopi, nachapa kadi za harusi, natengeneza fulana za msiba na ratiba za mazishi. Nilikuwa miongoni mwa vijana wa kwanza mtaani kwetu kuielewa intaneti, na huo ujuaji ndio ulioniponza.

Kuna wakati tulisikia kwamba huko duniani watu wanatajirika kwa kununua maneno. Ndiyo, maneno! Kila tovuti ina jina lake, ile anwani unayoiandika ili uifikie. Wenye kazi yao wanaiita domeni. Ukiwahi ukasajili neno la kawaida, neno la kila mtu, linakuwa lako kwa muda wote unaolilipia, na anayelitaka lazima aje akupigie magoti. Ni kama kiwanja kilichoshika barabara.

Wenzangu walikimbilia viwanja Ilomba. Mimi pamoja na kakiwanja kadogo nilikonako huko, moyo wangu ulikuwa kwenye maneno. Nilisajili parachichi, mbao, viazi, ulezi, nikaongeza na mbolea. Kila mwaka nikawa nayalipia. Mke wangu alikuwa ananitania mbele ya wageni: "Mwenzenu ana mashamba mengi, tatizo halioti hata jani."

Hakuja mnunuzi hata mmoja, jamani! Wauza parachichi walifungua magrupu yao kwenye simu. Wa mbao waliweka picha zao mitandaoni, watu wakaagiza hukohuko. Nani alikuwa na haja ya anwani yangu? Nikayaacha maneno yangu yafe moja moja kwa kutolipiwa. Likabaki moja tu.

Hilo sitaliandika hapa, maana ukiliona utakwenda kulifungua. Ni lile neno letu la kawaida la kupeana habari ya kifo. Unalijua. Umeshalisikia redioni likisomwa kwa sauti ya taratibu, ukawanyamazisha watu ndani ili usikie jina linalofuata.

Lilibaki kwa sababu ya Dada Tusekile.

Dada Tusekile ni dada mkubwa wa mke wangu. Mnyakyusa aliyeolewa na Mhehe, akahamia Iringa, pale Mlandege, akafiwa na mume mapema, akabaki na mtoto mmoja wa kiume, Lusajo. Alikuwa kiongozi wa akina mama wanaopika misibani kwa niaba ya usharika wao. Turubai likifungwa mahali popote Mlandege, ujue Dada Tusekile alishafika kabla yake na sufuria zake.

Siku moja alikuja Mbeya kwenye mazishi ya mjomba wao, akapita dukani kwangu kuchukua ratiba. Akanikuta nimekodolea macho kompyuta, nalipia lile neno. Akauliza ni nini. Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika ubavu.

"Sasa shemeji," akasema alipomaliza kucheka, "neno zito namna hiyo umelifungia tu ndani? Si ulitoe likafanye kazi!"

Tukalitoa likafanye kazi. Nilitengeneza tovuti nyepesi, inafunguka hata huko ambako mtandao unakuja kwa kuvizia. Ilikuwa na kisanduku cha kuandikia jina la marehemu, msiba uko wapi, mazishi lini, na mahali pa kuweka picha. Ujumbe ulikwenda moja kwa moja kwa Dada Tusekile. Yeye aliwapigia simu wafiwa kuhakikisha, akawapa pole, akauliza waliobaki njiani ni akina nani. Ndipo analiruhusu tangazo. Mimi nilitunza mitambo na kulipia neno. Yeye alitunza watu.

Naye alikuwa na sharti lake. Wewe kama ni wa huku kwetu unajua kwamba mtu haambiwi kwenye simu kuwa mama yake amekufa. Anaambiwa, "Mama anaumwa, njoo." Anasafiri. Anafika, anapokelewa, anakalishwa chini, halafu mtu mzima mmoja anamwambia huku wengine wamemshika. Hata kama moyoni alishajua tangu alipopanda basi, anaachiwa ile safari awe bado ana mama.

Kwa hiyo Dada Tusekile hakutoa tangazo lolote mpaka mtoto wa mwisho awe amefika nyumbani. Watu walimsukuma. Ndugu wa mbali walilalamika kwamba wanachelewa kupata habari. Hakuyumba.

"Akisomea kwenye basi, shemeji, yuko peke yake katikati ya watu asiowajua, nani atamshika?" Ndivyo alivyokuwa akiniambia.

Kwa sharti hilo tukaaminika. Kuanzia Iringa mpaka Mafinga, Makambako mpaka Tukuyu, watu walisema ile haikurupuki, ukiona jina pale ujue ni kweli na ujue wenyewe wameshaambiwa. Akina baba wa Kiislamu wa Mwanjelwa walitangaza maziko pale, Wakatoliki wa vijijini walitangaza pale. Dada Tusekile hakuwa na ubaguzi kwenye kifo. Hatukumtoza mtu.

Na hapo ndipo shetani wangu alipokaa! Mimi nilikuwa nalipia kila mwaka, na mimi ndiye niliyeandikishwa kuwa mmiliki. Nyumba yangu Ilomba ilikuwa imesimama kuta tupu, misimu ya mvua inapita juu yake, majirani wananiuliza kwa huruma ya uongo nitaezeka lini. Nikianza kufikiri, najiambia kwamba nina kiwanja kilichoshika barabara na nimewaachia watu wapite bure.

Halafu nikaanza kuogopa kwamba hata hicho kiwanja kinakufa. Vijana wa chuo wanaokuja kuchapa kazi zao dukani walinicheka. Walisema siku hizi mtu haandiki anwani, anaiuliza simu yake kwa mdomo na akili mnemba inamjibu. Miaka michache ijayo, walisema, hayo majina yako hayatanunuliwa hata na kichaa.

Nilimpigia Dada Tusekile, nikajifanya napiga soga tu. Nikamuuliza kama anadhani watu wataendelea kuandika lile neno.

"Hao wanaouliza simu wametulia hao," akajibu. Nilisikia anaosha vyombo. "Mtu akishikwa na hofu hana maswali marefu, shemeji. Anaandika neno analolijua, basi."

Nilimwona mama wa jikoni asiyejua teknolojia inakwenda wapi. Weee! Laiti ningekaa chini nikayasikiliza maneno yale.

Ilipokuja barua pepe ya mnunuzi, ilinikuta nimeshajiandaa. Iliandikwa kwa Kiswahili kilichonyooka kupita kiasi, bila jina la ukoo, bila kusema wako wapi. Walitaka neno. Nikataja bei yangu, nikijua wataikataa. Wakajibu kwamba neno tupu siku hizi halina thamani kubwa, lakini bei hiyo wataitoa iwapo nitawapa likiwa na watu ndani.

Nilielewa. Ndugu yangu, sitakudanganya hapa, nilielewa vizuri kabisa. Walitaka matangazo yote ya zamani, picha zote, kile kisanduku, kila kitu kibaki kama kilivyo ili mtu akifungua asione tofauti. Nilijiuliza wanataka kufanya nini na marehemu wetu. Kisha nikaacha kujiuliza, kwa sababu jibu lingenirudisha nyuma.

Nikawaza hivi: nauza neno tu. Lilikuwepo kwenye lugha kabla yangu, litakuwepo nikishaondoka. Mtu anaibaje neno?

Katika siku hizohizo Dada Tusekile alinipigia, kama alivyofanya kila mwaka. "Shemeji, mwezi wetu wa kulipia umefika, usije ukasahau." Nikasema sawa. Akapiga tena Jumapili baada ya ibada, nasikia kwaya nyuma yake. "Umelipia?" Nikasema nitalipia. Wakati huo nilishakubali kuuza.

Niliuza. Kiasi sitataja. Nilimwambia mke wangu nimepata kazi kubwa ya uchapaji. Alifurahi sana, akaimba akipika, nami nikala chakula kile.

Kisha ikabidi nimpigie Dada Tusekile. Nilishatunga uongo wangu tayari: nitasema muda wa kulipia ulipita, watu wasiojulikana wakalidaka jina. Jambo hilo hutokea kweli, usidhani nilibuni kitu cha ajabu. Ukichelewa kulipia, neno linaachiwa, na mwingine analiokota.

"Dada, lile jina letu limetoka mikononi," nikamwambia. "Tulipitiwa na tarehe."

Nilisikia akivuta kiti.

"Lakini mimi si nilikukumbusha?" akauliza polepole. "Shemeji, sikukukumbusha?"

Hapa ndipo ningeweza kupona. Ningesema ulinikumbusha, mimi ndiye mzembe. Uongo ungebaki uongo, lakini ungekuwa mgongoni kwangu. Sijui ni nini kiliniingia. Niliogopa kwamba nikikubali angeuliza kwa nini sikulipia, na swali lingezaa swali.

"Hukunikumbusha, dada," nikasema. "Mwaka huu hukunikumbusha."

"Aaah," akasema. "Basi ni hizi dawa za presha. Kichwa changu siku hizi, shemeji... Mimi nilijiona kabisa nakupigia."

Alijiona kabisa ananipigia! Na kweli alinipigia! Akaniomba msamaha, mimi nikamwambia yamepita.

Baada ya muda nikasikia kutoka kwa mke wangu kwamba dada yake amejitoa kwenye uongozi wa akina mama pale usharikani. Amekabidhi funguo za stoo ya vyombo. Amewaambia wenzake kwamba anasahau vitu vizito, wasije wakampa dhamana akawaaibisha. Mke wangu alisema hayo akiwa na machozi, akaniuliza kama ugonjwa wa kusahau unarithiwa. Tulikuwa tumekaa chini ya bati jipya.

Mwanzoni tovuti ilinyamaza. Nikaanza kupumua. Nikajiambia wamelinunua waliuze tena, ndivyo madalali wa maneno wanavyofanya.

Kisha mwanamke mmoja wa Ilula, mkulima wa nyanya, akampigia Dada Tusekile. Namba ya dada alikuwa nayo tangu alipofiwa na baba yake.

"Mama, mbona baba yangu amekufa tena?"

Picha ni ileile, koti lilelile, jina lilelile. Tarehe mpya. Na chini yake namba ya simu ya kutuma rambirambi, namba ambayo hakuna aliyeijua. Ndugu zake wa mbali walishatuma. Wengine walishapanda gari kwenda Ilula kumzika mzee waliyekwisha kumzika.

Haikuwa yeye peke yake. Walianza kuwafufua marehemu wetu na kuwaua upya, mmoja baada ya mwingine. Wafiwa hawakumpigia mwizi, wangempata wapi? Walimpigia Dada Tusekile. Alipokea kila simu. Wa karibu aliwafuata kwa miguu mpaka majumbani, akakaa chini, akawaambia, "Nisameheni, ni mimi niliyesahau." Wengine walimwelewa. Mmoja alimfukuza mlangoni.

Alitaka kwenda polisi. Mimi nikamzuia! Nilimwambia mambo ya mtandao hayafuatiliki, atapoteza nauli bure. Ukweli ni kwamba niliogopa wangefuatilia wakakuta jina langu mwishoni mwa kamba.

Niliwaandikia wale wanunuzi. Niliwasihi watoe picha za watu. Walinijibu mara moja tu, kwa adabu ileile: "Asante kwa ushirikiano wako. Je, una maneno mengine yenye watu ndani?"

Nilizima kompyuta, nikafunga duka mchana kweupe. Nilitembea mpaka nikajikuta siko Soweto tena.

Sasa nikufikishe mahali ambapo sipendi kufika.

Dada Tusekile alianguka asubuhi akijiandaa kwenda kanisani. Majirani walimkimbiza hospitali, hakurudi. Daktari alisema presha. Mimi sisemi nilimuua, maana hata hilo ningekuwa najipa ukubwa. Nasema tu kwamba alikufa amechoka kuomba msamaha, na deni halikuwa lake.

Tulifika Mlandege siku hiyohiyo, mimi na mke wangu. Turubai lilishafungwa, wanaume wameshawasha moto kwa ajili ya baridi, akina mama wanapika kwa sufuria zake. Mzee wa ukoo wa marehemu mumewe akatuita ndani.

"Lusajo ameambiwa mama anaumwa," akasema. "Yuko njiani kutoka Dodoma. Kila mtu anyamazishe simu yake. Asiweke mtu picha popote. Mama yake ndivyo alivyokuwa akitaka kwa watoto wa wenzake, na sisi tumfanyie hivyohivyo mtoto wake." Akanigeukia. "Wewe ni baba mdogo. Utampokea stendi. Usimwambie kitu, mlete tu, mimi nitamwambia hapa."

Nikaenda stendi. Nilisimama na wapiga debe wale, nikitazama kila basi la Dodoma linaloingia. Nilikuwa nimeshapanga maneno: mama yuko chini ya uangalizi, twende nyumbani kwanza ukapumzike.

Kumbe kuna shangazi yao mmoja wa Tukuyu, mama mtu mzima, hakuwa na ubaya wowote. Alipopata habari ya msiba alimwambia mjukuu wake aiandike kwenye kile kisanduku, na picha aiweke. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ile tovuti si ya Tusekile tena. Alifikiri anamheshimu mwenye kazi yake. Na wale watu hawakupiga simu kwa mtu yeyote kuuliza nani bado yuko njiani. Walitoa tangazo hapohapo, wakaweka namba yao chini.

Basi likaingia. Lusajo akashuka wa kwanza, begi mgongoni, simu mkononi. Nilimwona usoni nikashangaa. Kijana alikuwa na hasira, lakini alikuwa anatabasamu!

"Shikamoo baba mdogo. Umewaona wale washenzi?" Akanigeuzia simu. "Wamemweka mama! Tumefika Mtera pale, roho haijatulia, nikajikuta nimeandika tu lile neno. Najua ni matapeli, lakini kidole kikaenda chenyewe. Nikakuta picha ya mama, ile ya sare ya kwaya. Karibu nipige kelele ndani ya basi. Halafu nikakumbuka, aah, si ni walewale! Sasa wanaua hata walio hai!"

Akacheka. Kicheko chembamba, cha mtu anayeshikilia kamba.

"Ni uongo, baba mdogo. Sivyo?"

Dada yangu, kaka yangu unayesoma hapa, nimeshatafuta maneno ya kulieleza lile swali na sijayapata. Mtoto alikuwa ananing'inia kwenye uongo wa wale watu. Uongo ambao mimi niliuuzia neno liwe nyumba yake. Tovuti ile ingebaki mikononi mwa mama yake, isingetangaza kitu, naye angefika akiwa na mama. Na sasa tumaini lake lote lilikuwa kwamba tovuti ile haisemi kweli, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu niiuze, ilisema kweli.

Nikanyoosha mkono nimpokee begi.

"Baba mdogo," akasema tena. "Ni uongo."

Nikatikisa kichwa. Alikaa chini palepale, kwenye lami, kati ya mizigo ya watu na ndoo za wauza mayai. Wapita njia walikuwa wanamruka. Nilijaribu kumshika, lakini mimi mwenyewe nilikuwa nahitaji kushikwa. Alipata kushikwa na mwanamke mmoja muuza karanga, mtu asiyemjua kabisa.

Tulizika. Sikumbuki mahubiri.

Jioni baada ya kutoka makaburini Lusajo alinifuata nyuma ya nyumba nilikokuwa nimejificha kwa kisingizio cha kupasua kuni. Macho yamevimba, sauti imekwisha.

"Baba mdogo, kuna jambo mama aliniachia," akasema. "Alikuwa analia sana kwenye simu kuhusu lile jina. Anasema wewe ulikuwa unalilipia kwa jasho lako, yeye kazi yake ilikuwa kukukumbusha tu, na hata hiyo ikamshinda. Alisema akifa kabla hajaja Mbeya kukuomba msamaha kwa mdomo wake, nije mimi. Naomba umsamehe mama."

Shoka lilikuwa mkononi mwangu. Mwanga ulikuwepo, hakuna mtu mwingine karibu, mtoto amesimama mbele yangu anasubiri. Mungu alinipa nafasi ambayo wengi hawapewi.

Unajua nilisema nini?

Nilisema, "Nimeshamsamehe, baba."

Akanishukuru! Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akainama, akaenda zake.

Tangu siku ile sina amani. Mvua za Mbeya unazijua, hazina haraka ya kuisha. Zikianza kupiga bati namsikia yule mtoto akishukuru. Mke wangu anasema bati letu lina kelele, tuweke dari. Naogopa kumwambia kwamba hakuna dari itakayosaidia. Bado analilia dada yake chini ya bati hilohilo, na bado anajipima kila akisahau funguo, akihofu kwamba ugonjwa wa dada yake umemfikia. Hata huo ugonjwa niliutengeneza mimi.

Lusajo amefungua tovuti mpya kwa ajili ya kazi ya mama yake. Ina jina refu, la maneno matatu, maana yale mafupi yamekwisha. Anafuata sharti lilelile. Anapiga simu, anauliza nani bado yuko njiani. Lakini watu hawaifikii. Mtu akishikwa na hofu anaandika neno analolijua. Dada Tusekile aliliona hilo akiwa anaosha vyombo, na mimi mjuaji sikuliona.

Mara kwa mara ananiuliza, "Baba mdogo, wewe unawafahamu watu wa majina. Hakuna namna ya kujua lilitoka vipi?" Namwambia nitaulizia.

Nami kila asubuhi, kabla sijafungua duka, naandika lile neno. Naangalia nyuso. Wengine fulana zao nilizichapa mimi. Naangalia kama nimo, maana siku nitakayokufa wale watu watanitangaza mapema, kabla wanangu hawajafika, na itakuwa haki yangu.

Wewe mwenye jina ambalo watu wanaliamini, liwe la tovuti, la duka au la grupu la mtaa, nakusihi. Watakuambia kwamba maneno hayana thamani tena, uza mapema kabla soko halijafa. Labda ni kweli, sijui, mimi si wa kutabiri tena. Ila kabla hujauza angalia nani yumo ndani. Na ukishakosea, kosa lako libebe mwenyewe. Usimbebeshe mtu mwema, kwa sababu mtu mwema atalibeba kweli, mpaka kaburini.

Nimebadilisha majina yote, nimekuambia. Lakini kuna kijana mmoja, akisoma habari ya stendi na ya zile kuni, atajijua. Hata atanijua. Nimeshindwa kumtazama usoni nikamwambia, ndiyo maana naandika hapa kama mwoga.

Mwanangu, mama yako hakusahau. Alinipigia nikiwa dukani, akanipigia tena Jumapili ile kwaya ikiwa inaimba nyuma yake. Kichwa chake kilikuwa kizima mpaka mwisho.